Mstari wa Pili

Siku ile mjinga alikuwa mimi. Nalisema mapema ili usipoteze muda kumtafuta. Humu utakutana na shangazi yangu, mwalimu wa kuchora, kinyozi mmoja mwenye haraka na msichana tuliyemwita Kifutio, na kila mmoja wao ana kasoro zake. Lakini cheo cha ujinga nilikichukua peke yangu, tena bila kupingwa.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba. Nilikuwa nikikaa na shangazi, dada wa baba, tangu nikiwa sijui kufunga vifungo vya shati. Shangazi alikuwa fundi wa vioo. Duka lake lilikuwa katikati ya fundi cherehani na muuza viatu, na nyuma yake palikuwa na vyumba viwili tulivyoishi. Kila siku nikitoka shule nilikula, nikavaa ovaroli, kisha nikafagia sakafu kwa ufagio mgumu, maana kigae kidogo kikijificha kwenye ufa kina subira kuliko mtu. Kitamngoja mwenye miguu mitupu hata mwezi mzima.

Vioo vikubwa vilisimama wima kwenye fremu za mbao, vimeegemea ukuta kama wanafunzi walioadhibiwa. Katikati ya duka palikuwa na meza pana iliyotandikwa blanketi kuukuu. Juu yake palikuwa na rula ndefu ya mbao, kopo la mafuta ya taa, na kikatio. Kikatio ni kama kalamu, ila nchani kina gurudumu la chuma lisilozidi punje ya pilipili manga. Ukilichovya kwenye mafuta na kulivuta juu ya kioo, linalia ssss, kama tone la maji kwenye kikaango cha moto. Kioo hakikatiki hapo; kinapata mkwaruzo tu. Halafu unaushika upande na kuubonyeza chini, na kioo kinafunguka chenyewe kwenye mstari.

Shangazi alikuwa na sheria mbili za kioo. Ya kwanza: kioo kinachoanguka hakidakwi. Ya pili: mstari ni mmoja. Hata ukikosea, hurudii.

"Kwa nini, Shangazi?" niliwahi kumwuliza.

"Kioo ni kama mtoto aliyetumwa na watu wawili," alisema. "Ukikipa mstari mmoja, kinaufuata. Ukikipa wa pili juu yake, hakijui kimsikilize nani. Kinakwenda kinakotaka."

Alikuwa pia na sheria moja ya wateja. Siku moja kinyozi wa mtaa wa nyuma aliingia akitaka kioo cha kujitazamia. Hakuwa na kipimo. Alikuwa ameinyoosha mikono yake mbele, viganja vikitazamana, na ndivyo alivyotembea kutoka dukani kwake. Alipita watu wanamsalimia, yeye kimya, anaogopa kipimo kitamponyoka.

"Kinatosha hivi," alisema. "Kata haraka, nimemwacha mteja nusu kichwa."

"Karibu," nikasema, nikampa mkono. Naye kwa adabu akaupokea.

Akabaki anaitazama mikono yake, mmoja uko kwangu, mwingine hewani. Shangazi alijitahidi asicheke, akashindwa.

"Nenda kapime, ndugu yangu," alimwambia. "Mimi kazi yangu ni kukata. Vipimo huleta mwenye dirisha."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake kwa kila aliyekuja na kipimo cha macho au cha kukisia. Mwenye nyumba, mwenye kabati, mwenye picha ya harusi, wote walirudishwa kwa sentensi hiyo hiyo.

Sasa, mimi mkono wa kukata kioo sikufundishwa sana. Ulikuja tu. Nikiwa na miaka kumi na miwili nilikuwa nasikia kwa sikio kama mstari umeshika au umeruka, kabla hata ya kuutazama. Shangazi aliwaambia majirani, "Mimi nilivunja vioo miaka mitatu ndipo nikajua. Huyu kavunja viwili." Fundi cherehani akanibandika jina la Kigae, na mtaa mzima ukalipokea. Kila mtu alijua Kigae atakuwa nani akikua. Hakuna aliyeniuliza, nami sikuwa na sababu ya kulalamika, maana hata mimi sikuwahi kumwambia mtu lolote.

Nilichokuwa nakificha ni kwamba nilipenda kuchora kuliko kula. Na ukiniona leo utajua kula nako nilikupenda.

Vioo vipya huletwa vikiwa na karatasi katikati, kioo na karatasi, kioo na karatasi, visikwaruzane. Karatasi zile nilizichukua kimyakimya. Nilichora wateja. Umewahi kumwangalia mtu anapojitazama kwenye kioo? Hukaza midomo, huinua kidevu, huwa mtu mwingine kabisa ambaye majirani zake hawajawahi kumwona. Nilizichora sura hizo kwa kalamu ya mkaa, nikaziviringisha na kuzificha nyuma ya fremu ya mwisho, mahali ambapo nilidhani shangazi hapafiki.

Mwalimu wetu wa kuchora ndiye pekee aliyeziona. Jumatano moja alituita mimi na Kifutio, msichana niliyekaa naye dawati moja. Tulimwita hivyo kwa sababu alichora mstari, akafuta, akachora, akafuta, mpaka karatasi ikatoboka. Lakini mstari uliobaki ulikuwa wa kweli.

"Kituo cha sanaa kinachukua mtoto mmoja kutoka shule yetu," mwalimu alisema. "Miaka miwili, kila Jumamosi na siku za likizo. Rangi na karatasi ni juu yao. Mchoraji atakuja hapa Jumamosi hii kuwaona watoto wa shule zote za karibu. Leteni picha tano kila mmoja, kisha atawapa kitu mchore mbele yake. Kigae, zamu yako ni saa nne asubuhi. Utakuja?"

"Nitakuja, mwalimu," nikasema. Moyo uliniruka hata nikasahau kumsikia Kifutio alichojibu.

Jioni ile ile shangazi alinikalisha. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji. Wiki iliyotangulia aliteleza kwenye ngazi, kifundo kikateguka.

"Zahanati wametupa kazi," alisema. "Wametoboa ukuta wa chumba cha watoto wachanga, wanataka kioo kimoja kikubwa, ili wazazi wawaone watoto wao bila kuingia na vumbi la barabarani. Kioo kizito cha namna hiyo ninacho kimoja tu. Mimi siwezi kuvuta kikatio. Utavuta wewe, nitakushikia rula. Jumamosi saa tatu. Utakuwepo?"

Hapo ndipo mdomo ulipaswa kufunguka. Ulifunguka kweli, lakini kilichotoka ni, "Nitakuwepo, Shangazi."

Usiku ule nilipiga hesabu za mjinga. Saa tatu tunaanza. Nusu saa kukata. Dakika kumi kukimbia hadi shule. Saa nne kasoro dakika ishirini niko mlangoni, picha kwapani. Mtu angefikiri kioo na mchoraji wote wameajiriwa na mimi.

Jumamosi nilivaa ovaroli juu ya sare ya shule. Shangazi alitoka chumbani saa tatu na robo, kwa sababu bandeji ilihitaji kubadilishwa. Akaiona kola yangu.

"Leo umevaa shati la shule. Kioo hiki kina mtihani?"

"Mashati mengine yameloa," nikasema.

Akatazama kamba ya nguo uani. Ilikuwa tupu.

Kisha akataka kioo kioshwe, maana kioo kichafu hulirusha gurudumu. Tukakiosha. Akataka kikaushwe. Tukakikausha. Akapima, akapima tena. Kila alivyopima nilihisi miguu yangu inatembea peke yake ndani ya viatu.

"Mbona unahema? Kuna mtu anakufukuza?"

"Hapana, Shangazi."

"Basi tulia. Kioo kinasikia."

Alishikilia rula kwa mkono wake mzima na kiwiko cha ule mbovu. Nikachovya kikatio, nikaanza kuvuta. Ssss. Mkono ulikwenda vizuri, na nusu ya mstari ilikuwa imepita, wakati redio ya fundi cherehani ilipolia pii, pii, pii, kutangaza saa nne kamili.

Mkono ukashtuka. Sauti ya kioo ikakatika, kisha ikarudi. Urefu wa shibiri moja katikati ya mstari, gurudumu liliruka bila kugusa.

Nilijua, kwa sababu sikio langu halijawahi kunidanganya. Kinachofanywa hapo ni kusimama na kusema, "Shangazi, limeruka." Fundi hugeuza kioo, huangalia, hugonga kwa chini polepole, hutafuta njia. Dakika ishirini, labda thelathini. Lakini mimi dakika nilizokuwa nazo zilikuwa zimekwisha. Shangazi aligeuka kuchukua vijiti vya kuegemezea kioo. Nikarudisha gurudumu nyuma, nikapita juu ya mstari mara ya pili.

Haukulia ssss. Ulilia kama mtu anayesaga mchanga kwa meno.

"Tayari," nikasema.

Tukakisogeza kioo ukingoni mwa meza, yeye upande huu, mimi upande ule. Tukabonyeza. Kioo kikafuata mstari mpaka kilipofika pale nilipopitia mara mbili, kikasita, kisha kikakata kona na kukimbia kwa mshazari hadi pembeni. Kipande kikubwa kikateleza. Nami nikasahau hata sheria ya kwanza, nikakidaka.

Damu haikuwa nyingi, lakini ilikuwa ya kidole cha shahada, mkono wa kulia. Shangazi alinivuta hadi kwenye bomba, akakiosha kidole, akakifunga kitambaa safi. Aliuliza swali moja tu.

"Ulirudia?"

"Hapana," nikasema. "Kioo kilikuwa kibovu."

Alikitazama kioo. Mstari uliopitwa mara mbili una unga mweupe pembeni, kama masharubu ya mtu aliyekunywa maziwa. Hata mtoto wa chekechea angeuona.

"Sawa," alisema. "Kioo kilikuwa kibovu."

Ilikuwa afadhali anipige.

Nikamwambia nakwenda kununua plasta. Nilipita nyuma ya fremu ya mwisho, nikachomoa picha zangu tano, nikakimbia.

Nilifika shule karibu saa tano. Mchoraji alikuwa mama mmoja mtu mzima, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Zamu yangu ilikuwa imepita, na watoto wa shule nyingine walikuwa wamejaa kwenye benchi.

"Umechelewa kwa nini?" aliniuliza.

"Gari liliharibika njiani," nikasema.

Mwalimu wangu akainamisha macho. Alijua naishi mtaa wa pili kutoka pale, na gari pekee nililowahi kupanda kwenda shule lilikuwa toroli la muuza viatu, tena nilishushwa.

"Na kidole?"

"Kilibanwa na mlango."

"Siku yako imekuwa na mambo mengi," alisema mchoraji. "Kaa mwisho. Nitakuona wa mwisho kabisa."

Nikakaa. Ikapita saa sita, ikapita saa saba, kidole kinavimba na kupiga kama ngoma. Saa nane kamili Kifutio akaingia, nywele zimechanwa, picha zake tano ndani ya bahasha.

"Wewe nawe umechelewa?" nikamnong'oneza, nikifurahi kidogo. Mjinga hupenda mwenzake.

"Sijachelewa. Zamu yangu ni saa nane. Asubuhi ilinibidi nimpeleke mdogo wangu kliniki, mama yuko kazini. Nikamwomba mwalimu anibadilishie."

"Akakubali?"

"Hata kichwa hakuinua. Alifuta saa tano, akaandika saa nane."

Ukutani mbele yetu palikuwa na maandishi makubwa ya rangi ya buluu: KUULIZA SI UJINGA. Herufi zile nilizichora mimi mwenyewe muhula uliopita, na mwalimu aliniambia zimepangika vizuri sana.

Mchoraji alituwekea kiti kilichoegemezwa ukuta, koti likining'inia juu yake. Kifutio alichora, akafuta, akachora. Mimi nilishika penseli kwa kidole gumba na cha kati, kile cha shahada kimesimama pembeni kama mtu anayeonyesha njia. Kila mstari nilioutaka uende kushoto ulikwenda nyumbani kwao. Nilipomaliza, kiti changu kilionekana kama kimelewa, na koti kama limekuja kukibeba.

Mchoraji alizitazama picha zangu tano kwa muda mrefu. Ile ya kinyozi aliirudia mara mbili.

"Hizi umechora wewe?"

"Ndiyo." Hilo lilikuwa jibu langu la kwanza la kweli siku ile nzima, na halikusikika tofauti na yale mengine.

"Ninataka kuamini," alisema. "Lakini umeniambia habari ya gari na habari ya mlango. Nimwamini yupi kati yenu watatu?"

Nafasi akapewa Kifutio. Aliistahili, sikuwahi kusema vinginevyo. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Nadhani wahenga walikuwa wakituonea huruma, kwa maana mimi yaliniponyoka yote mawili.

Niliporudi, shangazi alikuwa mezani. Alishika kikatio kwa mkono wa kushoto, taratibu, akikata vipande vilivyobaki kuwa vioo vidogo vya madirisha. Kioo kikivunjika hakitupwi, hupunguzwa.

"Plasta ilikuwa mbali," alisema.

Nikauficha mkono nyuma.

"Kidole kinauma?"

"Kinauma."

"Vizuri." Akasukuma kipande pembeni. "Sasa nakuuliza tena, na sitauliza mara ya tatu. Ulirudia?"

"Nilirudia."

Baada ya hapo yalitoka yote: kituo cha sanaa, zamu ya saa nne, redio, gari, mlango, kiti kilicholewa. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijua utakataa."

"Ulijua." Akaweka kikatio chini. "Nimekukatalia lini?"

Nikatafuta kichwani, nikirudi nyuma mwaka mmoja, miaka miwili. Sikupata kitu.

"Hujawahi kunikatalia."

"Basi uliniuliza wapi? Ndotoni?"

"Shangazi, wewe umenilea. Umenifundisha kazi. Kila mtu anasema nina mkono. Nikasema ukisikia nataka kuchora, utaona sina shukrani."

"Nilisema una mkono. Nilisema mkono huo ni wangu?"

Akainuka, akaenda kwenye fremu ya mwisho, akaingiza mkono nyuma na kutoa bunda la karatasi nyeupe, safi, zimekunjuliwa vizuri. "Vioo vinapoletwa, karatasi zake huwa zimejaa vumbi na nusu zimechanika. Ulidhani hizi unazozikuta hapa zinajipangusa zenyewe?"

Nilizitazama. Mwaka mzima nilikuwa naiba kitu nilichowekewa.

"Zahanati walikitaka kioo Jumatatu," aliendelea. "Tungeweza kukikata Ijumaa jioni. Tungeweza kukikata Jumamosi mchana ukirudi na picha zako. Hata Jumapili. Nilibaki na saa tatu kwa sababu ulisema utakuwepo. Kioo hakikuvunjwa na kuchora, mwanangu, na nafasi yako hukunyang'anywa na kioo. Ulimwambia mwalimu ndiyo, ukaja ukaniambia mimi ndiyo, juu ya asubuhi ile ile. Mstari wa pili uliupiga Jumatano. Jumamosi ulibonyeza tu."

Adhabu yake ilikuwa fupi. Jumatatu nilikwenda zahanati mwenyewe kusema kioo kimevunjika na nani kakivunja. Muuguzi mkuu alinisikiliza, akaniambia asante kwa kusema kweli, na kwamba watangoja. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa.

Kilichokuwa kigumu kilikuwa nje ya chumba cha watoto. Tundu la ukutani lilikuwa limezibwa kwa plaiwudi. Mwanamume mmoja alisimama mbele yake, kofia mkononi, anaitazama mbao kama vile ikimzoea itamwachia nafasi.

"Wewe ni mtoto wa fundi wa vioo?" aliniuliza, akiiona ovaroli. "Kioo kinakuja lini? Wangu ni wa tatu kutoka dirishani, wameniambia. Sijamwona bado vizuri."

"Tunangoja kingine kiletwe," nikasema. "Kile cha kwanza nilikivunja mimi."

Hakunifokea. Alitikisa kichwa, akarudi kuitazama plaiwudi.

Kioo kipya kililetwa baada ya siku tisa. Nilikikata Jumapili mchana, kidole kimepona, redio ya jirani imezimwa kwa ombi la shangazi. Mstari mmoja. Ukafunguka kama kitabu. Tulipokwenda kukiweka, watoto walionekana wote, wamefungwa kama mikate. Wa tatu kutoka dirishani alikuwa mwingine. Yule baba na mtoto wake walikuwa wameshakwenda nyumbani.

Kifutio naye alianza kwenda kituoni. Kila Jumatatu alinionyesha alichojifunza, kwa moyo mweupe, akinichokoza.

"Juzi tumefundishwa kuchora vidole," alisema siku moja. "Ningekuchora vyako, lakini mwalimu anataka vizima."

Nilicheka naye. Nakiri pia kwamba nilipofika nyumbani sikula. Miaka mingi imepita, nami bado nachora, lakini vidole vinanishinda. Watu wangu wote wana nyuso nzuri na mikono iliyofichwa mifukoni. Anayezitazama picha zangu hudhani nachora watu wenye baridi. Mimi najua ni Jumamosi gani inayokosekana pale.

Mwishoni mwa mwaka tuliletewa fomu za kuchagua shule. Palikuwa na mstari wa shule ya ufundi, na chini yake mstari wa shule ya sanaa, na maneno yaliyopigiwa wino mzito: weka alama moja tu. Niliibeba fomu ile siku tatu ndani ya daftari. Siku ya nne mwalimu wa kuchora alipita dukani.

"Bila yale mafunzo ya Jumamosi njia yake ni nyembamba," alimwambia shangazi, "lakini ipo. Mtoto ana jicho. Jicho hilo likifungiwa dukani litakufa."

"Jicho litamlisha nani?" fundi cherehani alidakia kutoka mlangoni, sindano mdomoni. "Ana mkono huyo. Watu wanakuja kutoka mitaa ya mbali kwa ajili ya mkono huo. Kila nyumba ina dirisha, mwalimu. Picha ziko nyumba ngapi?"

"Na nyumba isiyo na picha?"

"Ina watu walioshiba."

"Umeshiba wewe, mbona kila siku unakuja hapa kutazama anachochora?"

Waliendelea hivyo, huyu akirusha, yule akidaka, mpaka muuza viatu akaja naye kusikiliza. Nilikuwa nimesimama katikati yao na fomu mkononi, kichwa kinageuka huku na huku. Moyoni nilikuwa tayari kuweka alama popote, mradi tu mtu mwingine aisemee. Nikamgeukia shangazi, ambaye muda wote alikuwa akilipangusa blanketi la meza bila kutia neno.

"Shangazi," nikasema, "hawa hawatamaliza leo. Wewe ndiye unayenijua. Nichagulie tu, nami nitafuata."

Alinipokonya fomu, akaisoma juu mpaka chini, kisha akanirudishia pamoja na kalamu.

"Nenda kapime," alisema. "Vipimo huleta mwenye dirisha."